Bidoni Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana kwa sababu mama fulani alishafungia mandazi ndani yake: mimi ni Muyisa, na nauza dawa za kazi pale Butembo. Asidi ya betri, soda ya kutengenezea sabuni, javel ya kufulia, dawa ya viazi kwa watu wa Masereka. Sina uchawi. Nina depo moja, mke mmoja na bahati ya mbuzi wa sikukuu.

Mliniacha mlangoni pa depo hiyo nikiwa nimesimama na Madame Jemima, inspekta wa mazingira kutoka Beni, mama mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuta madumu ya plastiki, sisi huyaita bidoni: bidoni za javel zimebebana na bidoni za asidi, na juu ya zote sufuria yangu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Papa Muyisa, hii vitu mbili vikikutana vinatoa moshi ya kuua mutu. Na weye unapikia humu?"

"Napasha tu, Madame."

Akanipa hadi Ijumaa. Kila bidoni iwe na etiketi yake na karatasi zake za mpakani. Asidi ikae chumba chake, javel chumba chake, sombe irudi nyumbani. Ikionekana hata bidoni moja isiyojulikana imetoka wapi, depo inatiwa sili na mimi naenda kulima viazi.

Nilitii. Nilijenga ukuta wa matofali katikati ya depo, nikabandika etiketi mpaka ulimi ukakauka. Ikabaki bidoni moja tu, ya manjano, lita ishirini za asidi ya betri, niliyoinunua kwa bwana asiyependa karatasi. Haikuwa na etiketi wala risiti. Ilikaa pale uchi, ikinitazama.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia Madame ukweli. Na nyinyi mngemwambia?

Majirani walikataa kunifichia. Delphin fundi viatu alikubali asubuhi, lakini adhuhuri akanirudishia bidoni pamoja na kiatu cha mteja chenye tundu ambalo hakulitoboa yeye. Ndipo nikakumbuka kibanda cha kuku kilichoko nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, kule Bungulu, mjini Beni. Kuku wake walikwisha kwa ugonjwa, na kibanda kimebaki wazi. Nani angetafuta asidi ya Butembo ndani ya kibanda cha kuku cha Beni?

Nilijiona nina akili. Hilo ndilo kosa langu la kila wiki.

Nikamwita Issaka, kijana wa Kiislamu mwenye pikipiki, mchapakazi ila hana mlango mdomoni. Tukafunga bidoni nyuma, tukaifunika na kitenge cha mke wangu Katungu, tukashika barabara.

Kwenye barrière ya kwanza, kile kizuizi cha barabarani, askari akagonga bidoni kwa kidole.

"Papa, nini ezali na kati?"

Alitaka kujua ndani kuna nini. Mdomo, ambao siku zote hunitangulia, ukajibu wenyewe:

"Mafuta ya kupikia, chef. Namupelekea mama mukwe."

Askari alikuwa ameshatoa kopo lake, tayari kupimiwa kidogo. Akalirudisha kiunoni haraka.

"Ya bokilo? Kende, papa, kende! Mimi hapana kugusa kitu ya mama mukwe ya mutu."

Tukapita. Nilicheka mpaka karibu na Beni. Issaka naye alicheka, kumbe yeye alikuwa amefurahi kwa sababu nyingine. Maskini aliamini kweli ni zawadi ya mafuta.

Mpango wangu ulikuwa kushuka mbali kidogo, nizunguke nyuma ya nyumba, nitumbukize bidoni kibandani, kisha nije mbele kusalimia kama mtu mwema. Issaka hakunipa nafasi. Aliingiza pikipiki moja kwa moja uani huku akipiga honi kama anayeleta bibi harusi.

"Mama Kasika! Toka, toka! Mukwe wako amekuletea mafuta!"

Mama mkwe wangu alitoka na mwiko mkononi. Aliitazama bidoni, akanitazama mimi, akaitazama bidoni tena. Halafu akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka soko kuu, akanishukuru kwa lugha ya nyumbani.

"Wasingya! Wasingya kutsibu! Ba mama, mukuye muone! Tangu huyu mutoto wangu alioa binti yangu hapana kuniletea hata chumvi. Leo ameleta bidoni muzima!"

Wanawake wa jirani wakamiminika. Mmoja, Mama Rébecca, mwenyekiti wa shirika lao la kanisani, akajaribu kuinyanyua.

"Eh! Iko nzito hivi! Hii mafuta ni ya kwanza. Ile ya soko haiko na uzito."

"Mafuta ya Butembo," akasema Mama Kasika kwa kujigamba. "Kule hapana kuchanganya na maji."

Ningesema nini? Niambieni. Ningesema, "Mama, usifurahi, hii si yako, nimekuja kuficha sumu kwenye kibanda chako"? Mama huyu kwa miaka sita ameniita "yule wa Katungu" bila kunitaja jina. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliniita mtoto wangu. Nikaona raha, nasema kweli. Nikanyamaza kwa sababu ya ile raha.

"Mama," nikajaribu, "tuiweke kule nyuma, mu kibanda ya kuku. Fasi ya baridi ni muzuri kwa mafuta."

"Zawadi ya mukwe ilale mu kibanda ya kuku? Unataka banicheke? Hii inalala kwangu, chini ya kitanda. Hawa ba mama unaona hapa, nikigeuka kidogo tu beko na makopo."

Wakaisukuma, wakaivuta, wakaiingiza chumbani kwake. Pazia likaanguka nyuma yao. Na mimi nikabaki sebuleni, miguu imeota mizizi.

Kwa wasomaji wa mbali ambao mila zao ni nyepesi, niwaeleze. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Chumba anacholala yeye, mimi sikikanyagi, sichungulii, hata jina lake silitamki ovyo. Mzee mmoja wa Lubero alitozwa mbuzi kwa sababu upepo ulirusha kofia yake ikaingia chumba cha mama mkwe, naye akaifuata. Na huyo alikuwa na kisingizio cha upepo.

Kwa hiyo asidi yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa, na ingekuwa karibu zaidi kama ingekuwa Kinshasa.

Niliketi nikipewa chai. Nikaanza kuvua kwa ndoano.

"Mama, ile bidoni naiomba. Yaani bidoni yenyewe, plastiki. Nimimine mafuta mu kitu ingine, nirudi nayo."

"Hapana haraka. Ikiisha nitakurudishia tupu, na ndani nitakuwekea maharagi."

"Mais, lakini mama, ngoja kwanza nionje kama haijaharibika mu njia."

Chai ilimpalia.

"Mukwe anapima zawadi yake mbele ya ba mama? Yesu Maria! Kunywa chai, mutoto wangu."

"Donc, basi mama, usiifungue leo. Mafuta ya Butembo inapaswa kupumzika siku mbili."

"Ipumzike kwani ilikuya na miguu?"

Wanawake wakacheka. Nikacheka nao, jasho likinitiririka mgongoni. Nilianza kuona sura zao moja moja: huyu akiweka kikaango motoni, yule akimimina, mwingine akiwa ameinama karibu na mtoto mgongoni. Hapo ndipo utani uliponitoka. Nilikuwa nimekuja kuokoa depo, na sasa nilikuwa nimewaletea watu hawa kifo ndani ya kitenge cha mke wangu, nao wananishukuru.

Nilitoka nje kutafuta Issaka, nimtume aseme bidoni ni ya mtu mwingine, tumekosea. Alikuwa chini ya kivuli cha duka, anakula ndizi.

"Issaka, ile haiko mafuta. Ni asidi."

Ndizi ikasimama njiani.

"Boss, mimi nimebeba asidi mugongoni tangu Butembo?"

"Ndiyo."

"Na tulikuwa tunaruka mashimo?"

"Ndiyo."

Akashika makalio yake kwa mikono miwili, kuhakikisha yapo. Kisha akawasha pikipiki bila kuniaga. Huyo ndiye rafiki niliyekuwa nikimtegemea.

Nikarudi uani nimekata shauri: nitasema, liwalo na liwe. Nikamkuta Mama Kasika mlangoni, ananingojea kwa tabasamu la mtu aliyemaliza kazi.

"Mukwe wangu, shida yako imekwisha."

"Shida gani, mama?"

"Katungu aliniambia mu telefone. Kuko Madame mumoya wa serikali anakutesa na depo. Mais yule Madame anakaa hapa hapa Bungulu, nyuma ya ile nyumba ya bati mupya! Tunaimba naye korali. Nimemutumia bidoni ya mafuta sasa hivi. Nimesema: hii inatoka kwa Muyisa wa Butembo, akuhurumie."

Nilishika ukuta.

Rushwa ya asidi, kwa inspekta wa asidi, na jina langu juu yake. Nimeruka majivu nimekanyaga moto, tena kwa miguu ya mama mkwe.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mbwa mmoja alinifuata kwa imani kwamba nimeiba kitu. Nilikuta Madame Jemima ameketi barazani na kitenge cha nyumbani, bidoni ya manjano miguuni pake, kidole chake kikiwa juu ya kifuniko. Pembeni mbabula, jiko lake la mkaa, imejaa makaa mekundu.

Nikasimama. Nawaungamia hapa kile ambacho sijamwambia hata padri. Kulikuwa na nukta moja ambapo niliwaza: ninyamaze, aimimine, ajionee. Nukta moja tu, lakini ilikuwepo, na nimeionea aibu mpaka leo.

"Madame, usifungue!" nikapiga kelele. "Haiko mafuta! Ni asidi ya betri, ni yangu, haina karatasi, haina etiketi, nimeificha usiione! Depo funga, mimi funga, mais mukono toa hapo!"

Madame Jemima hakuondoa mkono. Alifungua kifuniko taratibu, akainamisha bidoni, akamwaga kidogo kwenye sahani.

Mawese. Mekundu, mazito, yenye harufu ya kukaa sana.

"Papa Muyisa," akasema, "hii ni mafuta. Nilikuwa najitayarisha kuirudisha, sababu mutu wa serikali hapana kupokea bidoni ya watu ambao anakagua. Mais endelea. Ulisema asidi?"

Kuna watu huungama wakatulia rohoni. Mimi niliungama kwa bidoni isiyo yangu.

"Labda nilichanganya, Madame."

"Hapana. Weye hukuchanganya." Akaanza kufikiri, na uso wake ukabadilika. "Yule aliyeleta alitaja jina lako, halafu akaongeza hivi: Mama Kasika anakusalimu, hii ni mafuta yake ya zamani. Ile ya mukwe ni muzuri kupita, amebakia nayo. Eti leo banakaangia samaki ya shirika, nami niende kula."

Tulitazamana.

Sijawahi kuona mama mfupi akikimbia vile. Aliingia ndani akatoka na begi lake la kazi, akanipita, akanisubiri kwenye kona, akanipita tena.

Uani kwa mama mkwe kikaango kilikuwa tayari juu ya moto, kikavu, kinatoa moshi. Samaki wametiwa chumvi. Mama Rébecca alikuwa ameshashika pazia la chumba, bakuli mkononi.

"Acha!" Madame akapaza ile sauti ndefu. "Hakuna mutu anaingia! Mu ile bidoni muko asidi!"

"Asidi ni nini?" akauliza Mama Kasika.

"Maji ya betri, mama. Inakula nyama ya mutu."

Mama Kasika akanigeukia.

Madame aliinua pazia, akachungulia, akanusa. Bidoni ilikuwa imelazwa ubavu, na kifuniko kinavuja. Sakafu ya simenti ilikuwa ikitoa povu kama inachemka.

"Mama Kasika, chini ya kitanda muko nini ingine?"

"Nguo. Viatu ya mazishi. Na javel."

"Javel ngapi?"

"Mingi. Tangu wakati ya Ebola, nikiipata naiweka. Mutu hapana kujua."

Madame alivuta pumzi. Mimi, ambaye wiki nzima nilijenga ukuta wa matofali ili asidi na javel zisionane, nilikuwa nimezikutanisha chini ya kitanda cha mama mkwe.

"Wote nje! Mbali, upande ya upepo!"

Alivaa glavu ndefu, miwani ya plastiki na barakoa nyeupe. Wanawake walipouona ule uso, kumbukumbu za miaka ile ya Ebola, na timu za serikali zilizoitwa Riposte, zikawarudia zote kwa mpigo.

"Riposte! Riposte imerudi!" akalia mmoja, na ua mzima ukatimka, samaki wakabaki peke yao.

Madame aliingia, akatoka na chupa za javel, akaingia tena, akazimaliza. Kisha akavua vile vitu na kuninyooshea.

"Sasa asidi. Hiyo ni yako."

"Madame, mimi siwezi kuingia humo."

"Iko nzito, mimi siiwezi. Na hawa ba mama siwapi, hawajui wanabeba nini. Sheria inasema mwenye mali ndiye anaigusa."

"Madame, humo analala mama mukwe wangu!"

"Na ikitoboa simenti, atalala wapi?"

Nilitazama nje. Walikuwa wamejipanga kwenye ua wa jirani, wote, na Mama Kasika mbele yao, mwiko bado mkononi. Mama aliyeniita mtoto wangu. Nilitaka anikataze. Nilitaka aseme, "Acha ioze humo." Alinigeuzia mgongo tu, kama mtu anavyofanya asije kuona.

Nikavaa miwani. Nikavaa glavu. Nikainua pazia kwa kiwiko, nikaingia.

Sitawaambia nilichokiona. Hata gazeti hili lina heshima zake. Nilipiga magoti, nikaisimamisha ile bidoni, nikakikaza kifuniko, nikaikumbatia mbali na tumbo, nikarudi kinyumenyume ili nisitazame kitanda.

Nilipogeuka kwenye mlango wa mbele, pikipiki ilikuwa inazima injini uani. Issaka, ambaye nilidhani ameninyima urafiki, alikuwa amempakia abiria.

Katungu wangu. Amevaa kitenge kipya, amesuka nywele, mapajani ana jogoo aliyefungwa miguu. Mama yake alikuwa amempigia simu ya vigelegele: mumeo ameniletea zawadi. Amefunga safari kutoka Butembo kuja kunishukuru mbele ya watu wao. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kulia njiani, kilio cha furaha, Issaka aliniambia baadaye. Yeye Issaka alikuwa amekutana naye mlangoni mwa mji na hakuthubutu kumweleza.

Akamwona mumewe anatoka chumbani kwa mama yake, miwani usoni, glavu mpaka kiwikoni, zawadi kifuani.

"Muyisa." Alilitamka polepole. "Unatafuta nini mu chumba ya mama yangu?"

"Katungu, ngoja nikueleze."

"Na ile mafuta unairudisha wapi?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu, ambao barabarani uliongopa bila kuombwa, sasa haukunipa hata neno moja la kweli. Madame Jemima aliweka begi lake chini, akatoa sili na waya kwa ajili ya depo yangu, lakini hata yeye aliinamisha kichwa.

Katungu alimkabidhi Mama Rébecca jogoo. Akapita pembeni yangu bila kunigusa, akashika mkono wa mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia:

"Mama, tafuta fasi ya kunilaza. Mimi hapana kurudia Butembo."